Makasha ya Bi Adua

Ijumaa, 22 Februari 2008

Nimedanganya leo. Tena bila kufungua mdomo – uongo wa namna hiyo ni mbaya, maana huna hata neno la kulifuta.

Ermes, bosi wangu, amenisumbua mwaka mzima kuhusu makasha ya marehemu Ottorino Gualdi. Taasisi yetu ya kumbukumbu za historia ina rafu za wapiganaji wa msituni, za vyama vya wafanyakazi, za akina mama wa vitambaa vyekundu, hadi dari. Za upande wa pili, wale mafashisti wa mashati meusi na waliowarithi baada ya vita – hewa tupu. Mtafiti akija kuuliza mrengo wa kulia uliishije katika mkoa mwekundu kama wetu, tunampa ripoti za polisi na magazeti ya maadui zao. Ermes anasema ni sawa na kuandika habari za mbwa mwitu kwa kuwahoji kondoo peke yao.

Ottorino aliongoza tawi la chama chao miaka thelathini. Hakutupa kitu. Amefariki, na mjane wake amekaa juu ya mali hiyo kama kuku anayeatamia. Anaitwa Adua. Alizaliwa mwaka ule majeshi yetu ya Italia yalipoingia Adua, huko Uhabeshi, na baba yake akaona fahari kumbandika mtoto jina la mji wa watu.

Nikabonyeza kengele, nikataja jina la ukoo. Akafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Corradini? Corradini yupi? Wa duka la dawa?"

Hapa kwetu akina Corradini ni wawili. Wa Duka la Dawa, mashati meusi tangu babu zao, siku hizi wengi wao wamehamia Milano. Na wa Kinu, ng'ambo ya mto – sisi. Mtu wa hapa hujitaja yupi kabla hata ya kutoa mkono. Ni adabu, na pia ni tahadhari.

Nikainama kufuta viatu kwenye zulia. Nilifuta muda mrefu.

"Ungesema mapema, binti," akasema, na mnyororo ukaanguka. "Karibu ndani. Watu wa nyumbani hawasimamishwi mlangoni."

Chini ya dirisha lake, barazani, kuna bamba la marmar. Aldo Corradini, wa Kinu, Novemba 1944. Ni babu yangu, baba yake mama. Mashati meusi walimpiga risasi pale pale. Nilipita chini yake nikiingia, na nikapita nikitoka. Sikuinua macho.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuni za Bi Adua: niende kila Ijumaa. Kwanza tupike, tule, tuoshe vyombo. Kisha kasha moja. Moja tu!

"Ottorino alisema vitu vya marehemu vikitoka vyote kwa mpigo, hayo ni mazishi ya pili."

Ni Kwaresima, kwa hiyo hakuna nyama – tortelli, vifuko vya unga vya mboga na jibini. Amenifundisha kukunja. Anatazama vidole vyangu na kusikitika.

"Mikono ya kitabu hiyo, binti. Unakunja kama unafunga bahasha ya kodi."

"Zitaliwa tu, Bi Adua."

"Zitaliwa, ndiyo. Hata viatu vililiwa wakati wa vita."

Kasha la leo: mabango ya kampeni, hayajawahi kubandikwa. Yananuka gundi na unyevu. Nayapanga mezani, moyo wangu unacheza kwa furaha ya kazi, kisha nasoma yaliyoandikwa na furaha inaona haya. Hayo ndiyo mambo yangu siku hizi.

Amenieleza tatizo. Mpwa wake, Loris, kampata mfanyabiashara wa vibanda, yule anayeuzia watalii sanamu za kichwa cha Dikteta na kalenda zake. Anataka vyote. Atavunjavunja: bango kwa huyu, picha kwa yule, na kanda za sauti atazitupa, kwani nani leo ana mashine ya kuzichezesha? Mwisho wake hakutakuwa na mkusanyo, kutakuwa na mapambo ya ukutani.

Bi Adua hataki. Ila Loris ndiye anayemletea dawa na kuni.

"Nyinyi wa duka la dawa mtavitunza kwa heshima," akasema. "Ndiyo maana nakupa wewe. Wale wekundu wa taasisi yenu, bila wewe, nisingewapa hata majivu yake."

Nikasema asante. Asante! Mate yalikuwa machungu.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama. Kauliza Ijumaa naenda wapi, mbona kila akipiga simu sipo.

Nikanyamaza. Naona nimepata kipaji cha kunyamaza.

Akaweka uma chini. "Una mtu."

Mama hakuolewa. Alinizaa, akanipa jina lake, akanilea kinuni bila kumwomba mtu radhi. Hajawahi kunisukuma niolewe. Lakini jinsi uso wake ulivyong'aa leo, Libera Corradini mzima, miaka sitini na sita, goti bovu – sikuweza kumzimia ile taa.

"Anapika?" akauliza.

"Anapika vizuri sana."

"Basi usiende mikono mitupu. Watasema nimekulea porini."

Kanipa chupa ya jamu ya tini. Za mti wa babu.

Jumanne, 11 Machi

Kazini. Kasha lilikuwa na kanda tatu chini ya mabango, na fundi wetu kazichezesha.

Nilitarajia hotuba. Hotuba zipo, ni zile zile. Lakini Ottorino aliacha mashine iendelee baada ya hotuba! Viti vinaburutwa. Mtu anauliza nani atalipia mvinyo. Mwanamke anacheka – ni Bi Adua, kijana, sauti ile ile. Wanataniana kuhusu mke wa mtu. Kisha, katikati ya vicheko, mmoja anasema kwa utulivu kabisa ni nani apigwe wiki ijayo, na mwingine anaomba apitishiwe mkate.

Ermes akavua miwani. "Umeelewa hii ni nini? Hakuna mahali pengine pana kitu hiki. Wakiongea wao kwa wao, bila kujua kuna anayesikia."

Nikamwambia kwamba Bi Adua hajui mimi ni nani.

"Ameuliza?"

"Ameuliza, nikafuta viatu."

Akacheka. Kisha akaona sicheki. Akasema nisimwambie kitu hadi makasha yote yaingie na mkataba utiwe sahihi. Bila sahihi yake hatuwezi kumfungulia mtafiti hata kanda moja. Baadaye nitubu ninavyotaka, yeye mwenyewe atanipeleka kwa padri.

Ermes yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa jamu ya mama. Amekula kwa kijiko, amesimama, kama mtoto.

"Tini za wapi hizi?"

"Za nyumbani."

"Mama yako ana mkono. Mwambie Adua wa Gualdi amesema hivyo."

Kisha, akikata jibini, akatikisa kichwa kuelekea dirishani, kule kwenye bamba. Akasema mwezi ujao watakuja tena na bendi yao kumwimbia yule wa Kinu. Miaka sitini na mitatu, shada la maua na meya, kwa ajili ya mwizi wa nyumbu! Ottorino alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, hakuwepo usiku ule, lakini alijua. Mwizi wa nyumbu, basi.

Nilikuwa na kipande cha jibini mdomoni. Nilikitafuna. Nilikimeza. Nikaomba kingine.

Babu, nisamehe. Sijui kama ninaomba kwa dhati au ni mazoea tu ya kalamu.

Akanirudishia chupa imejaa vitunguu vidogo vya siki. "Chombo hakirudi kitupu," akasema. "Kurudisha chombo kitupu ni kusema tumemalizana."

Jumapili, 16 Machi

Mama kala vitunguu vyote. Kasema mwanamume huyu anajua siki, ila kasahau jani la bei, lile la kunukisha mchuzi.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Na umri wake?"

"Mkubwa kidogo."

"Aa, wakubwa wanajua kupika," akasema mama, akaijaza chupa jamu ya boga.

Ijumaa, 21 Machi. Ijumaa Kuu

Bi Adua kuhusu jani la bei: "Mwambie mama yako vitunguu vyangu havihitaji majani, haviendi kanisani." Lakini kabla sijaondoka nilimwona akichuma mawili kwenye chungu cha barazani na kuyatumbukiza chupani.

Hawa wawili wangeelewana. Wangegombana kila siku, na wangeelewana. Kati yao kuna ngazi na bamba la marmar. Na sasa kuna mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo ni miaka miwili tangu Ottorino afariki. Akaniomba nimsindikize makaburini. Mvua. Nikashika mwavuli, yeye akashika maua. Wazee watatu wa tawi walikuwa waje. Mmoja kalazwa, mmoja kasahau, wa tatu kafa Januari na hakuna aliyemwambia. Tukasubiri langoni hadi maji yakaingia viatuni. Tukaenda wawili.

Najua desturi yao, iko kwenye kanda zote. Mmoja anaita jina la marehemu kwa sauti. Wengine, mikono juu, wanaitikia: Yupo! Mara tatu. Mtu wao hafi maadamu kuna wa kumwitikia.

Akasimama mbele ya kaburi, mdogo, koti limelowa. Akaita:

"Mwenzetu Ottorino Gualdi."

Kimya. Mvua tu kwenye mwavuli.

Hakugeuka kunitazama. Angegeuka ningeweza kukataa, nadhani. Mabega yake yalikuwa yanasubiri. Akaita tena, sauti imepungua. Mara ya tatu ikawa karibu mnong'ono, mke anamwita mumewe kutoka chumba kingine.

Nikasema, "Yupo."

Mkono sikuinua. Ulikuwa na mwavuli. Nauombea dua mwavuli ule.

Njiani akanishika mkono hadi nyumbani. Akanipa makasha mawili badala ya moja. Nimelipwa, basi.

Jumanne, 15 Aprili

Matokeo ya uchaguzi. Mrengo wa kulia umeshinda, na wenzake Ottorino, wakiwa wamebadili mashati, wanarudi serikalini. Kazini watu hawasemi. Mama kapiga simu, hakusema habari za uchaguzi hata kidogo, kasema amepanda nyanya.

Kisha simu ya Bi Adua. Furaha tupu. Kafungua kileo cha kokwa za jozi saa nne asubuhi, peke yake.

Lakini Loris kamwambia bei zimepanda. Yule wa vibanda yuko tayari kuja na gari mwisho wa mwezi, na Loris amechoka kubeba kuni bure. Bi Adua ameamua: yaliyobaki atanipa yote kwa pamoja, na mkataba atatia sahihi, ili Loris akose la kusema.

"Uje Ijumaa ya wiki ijayo. Tarehe ishirini na tano."

Nikadhani sikusikia. Nikamkumbusha ni Sikukuu ya Ukombozi, siku ya kuanguka kwa mashati meusi.

"Sikukuu yao. Mimi siku hiyo nafunga madirisha, nakaa gizani hadi bendi ipite. Zamani tulikaa wawili, tukicheza karata. Miaka miwili sasa nakaa na ukuta. Njoo ukae nami, binti. Nitasaini siku hiyo, niwe na kitu cha kufanya na mikono."

Nilipokuwa mtoto tulipita kila mwaka na bendi chini ya yale madirisha yaliyofungwa. Watoto tulipiga mbinja kuelekea juu. Mimi nilipiga kali kuliko wote, vidole viwili mdomoni, mama alinifundisha.

Nikamwambia nitakuja.

Alhamisi, 24 Aprili

Mwaka huu wamemwomba mama azungumze pale kwenye bamba. Kwa mara ya kwanza. Miaka yote wamezungumza mameya na maprofesa, yeye akishika shada tu. Ameshona gauni upya. Anataka nimshike mkono kwa sababu ya goti, na kwa sababu anaogopa kipaza sauti, ingawa hilo hakulisema.

Nimemwambia sitakuwepo. Nimesema nakwenda baharini na yule mtu.

Hakukasirika! Ningeomba akasirike. Akakunja gauni taratibu, mkono huu, mkono huu.

"Si ungemleta tu," akasema. "Ni mwekundu?"

"Mama."

"Sikuulizi tena. Nenda. Mtu akipata wa kumpikia, aende."

Nilikaa garini mbele ya nyumba yake nikiwa na ufunguo mkononi. Ningeweza kurudi ndani nikaseme yote. Kisha nikafikiria zile kanda kwenye pipa la taka la mtu wa vibanda, na yule anayeomba mkate baada ya kutaja wa kupigwa. Mama mwenyewe angetaka yasikike. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nimekuwa hodari wa kujiambia.

Ijumaa, 25 Aprili

Niliingia mapema, kabla watu hawajakusanyika. Madirisha yamefungwa, mbao zote. Taa moja ya meza. Makasha yamepangwa ukumbini, yamefungwa kwa kamba, fundo zake nadhifu. Mkataba mezani, kalamu juu yake, na chupa ya mama imeoshwa, inasubiri kujazwa.

Alivaa vizuri, na hereni. Tukacheza karata. Alikuwa ananiibia, nikamwacha.

Bendi ikaanza mbali, ng'ambo ya daraja. Alicheza haraka zaidi. Walipofika chini yetu waliimba ule wimbo wa wapiganaji wa msituni, na sakafu ikatetemeka kidogo. Mbinja kutoka kwa watoto. Bi Adua akaweka karata chini, akavuta mkataba.

"Sasa," akasema. "Wakiwa wanapiga kelele."

Akashika kalamu. Bendi ikanyamaza. Kipaza sauti kikakoroma, na mama yangu akaingia chumbani.

Namaanisha sauti yake. Lakini ilikuwa pale, kati ya sufuria na picha ya Ottorino. Alikuwa na hofu, nilisikia anavyovuta pumzi.

Akasema yeye hana hotuba. Alikuwa na miaka miwili, hamkumbuki babake, anakumbuka harufu ya unga tu. Akasema watu walidai aliiba nyumbu. Ni kweli, aliiba! Aliiba nyumbu wawili wa jeshi, akawapa watu wa mlimani waliokuwa na njaa, na walimla mmoja. Watu wakacheka. Hata Bi Adua alitikisika puani, nusu ya kicheko, kalamu bado hewani.

Kisha mama akasema:

"Mimi ni Libera Corradini, wa Kinu. Nilitaka binti yangu anishike mkono leo. Nives wangu, yule wa taasisi, anayetunza makaratasi ya watu ili yasipotee. Leo hayupo."

Bi Adua aliiweka kalamu juu ya meza, sambamba na karatasi.

Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayesoma dawa iliyokwisha muda wake. Nikaanza kusema, sijui nini, kuhusu kanda, kuhusu Loris. Akainua mkono nikome.

"Tini zile," akasema. "Za huyo?"

"Ndiyo."

"Na jani la bei."

"Ndiyo."

Akainuka. Akaenda dirishani, akahangaika na komeo, limeshika kutu, nikaenda kumsaidia – kwa mazoea tu! – na mbao zikafunguka kwa kishindo. Jua lote likaingia. Chini wakainua nyuso. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuliona dirisha hilo wazi siku kama ya leo. Mbinja zikakoma.

Mama, gauni jipya, shada mkononi. Akatazama juu. Akaniona.

Bi Adua alinishika kiwiko, vidole vigumu.

"Mama yako amekuita," akasema taratibu. "Itikia, binti. Makaburini ulijua kuitikia."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Hakuna kilichotoka. Mwenye ngoma akadhani hotuba imekwisha, akapiga, bendi ikaingia, na mama akanigeuzia mgongo, akaliweka shada, peke yake, akijishikiza ukutani.

Jumamosi, 26 Aprili

Loris kaja asubuhi na gari la kuni. Amepandisha makasha yote hadi kwangu, akitukana kila ngazi. Hakukubali nimsaidie. Akaleta pia ujumbe, ameukariri kwa hasira:

"Shangazi anasema haya ni yako. Si ya taasisi. Ukae nayo nyumbani mwako, kama yeye alivyokaa nayo. Na mimi nasema umeninyang'anya mkate."

Mkataba upo juu ya kasha la kwanza. Hakuna sahihi. Ermes kwenye simu alifurahi, kisha akauliza sahihi.

Kwa hiyo nimefanikiwa. Hakuna aliyevunja mkusanyo, haujaingia kibandani, na hakuna mtafiti atakayeusikiliza. Umeziba ukumbi wangu, napita kwa ubavu. Fundo moja limelegea na bango limechungulia: mkono umeinuliwa, rangi bado kali.

Juu ya mkataba, chupa ya mama. Imeoshwa, imekaushwa, mfuniko umekazwa.

Tupu.

Nimefungua makabati yote. Nina chumvi, nina chai, nina mchele kidogo. Nimeweka mchele. Nimeutoa. Unaonekana kama matusi.

Mama kapiga simu. Hakunisalimu. Kasema anakuja kuchukua chupa yake. Nikamwambia asipande, goti, nitamletea mimi. Akakata.

Kengele imelia. Nimemfungulia mlango wa chini. Namsikia – ngazi, kisha anapumzika, kisha ngazi. Nimejaribu kulisukuma kasha la bango hadi chumbani na halisogei, ni zito mno, na bado nimeishika chupa kwa mkono mwingine. Amefika kwa jirani wa chini. Anavuta pumzi kama jana kwenye kipaza sauti. Ananiita jina, kama Bi Adua alivyoita makaburini.